Pikapu ya zamani haichaji: pima kwanza, altaneta baadaye

Altaneta ya pikapu yangu, ile mashine inayozungushwa na injini na kuichaji betri, niliibadilisha mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili iliyotolewa ilikuwa nzima. Ya kwanza ilipofungwa, gari liliwaka vizuri kwa wiki tatu, kisha asubuhi moja stata ikaguna mara mbili ikanyamaza. Nikaambiwa altaneta niliyonunua ni bovu. Nikanunua nyingine, nikapata wiki tatu nyingine. Kilichokuwa kinanitesa ni waya wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chasisi. Kwa nje ulionekana mzima, lakini ndani ya ganda nyuzi zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Mita ya kawaida ingenionyesha hilo kwa dakika tano, na mita nilikuwa nayo.

Ndiyo maana katika mwongozo huu altaneta inakuja karibu na mwisho. Ndicho kifaa cha gharama kuliko vyote katika mfumo wa chaji, na ndicho watu hukimbilia kukifungua kwanza.

Maelezo haya ni ya pikapu za zamani, zile zenye taa moja nyekundu ya betri kwenye dashibodi au mshale wa ampea, ambazo hazina kompyuta inayosimamia chaji. Magari ya kisasa hupandisha na kushusha volti yenyewe kadiri kompyuta inavyoamua, kwa hiyo namba za hapa zitakudanganya ukizipeleka huko. Namba zote ni za mfumo wa volti 12. Kama gari lako ni la volti 24, volti za betri na za chaji zizidishe mara mbili. Pikapu nyingine za dizeli zina betri mbili zilizofungwa sambamba. Hizo bado ni volti 12, ila kila betri ipimwe ikiwa imetenganishwa na mwenzake, maana moja ikifa humnyonya yule mzima mpaka wote walale.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji multimita ya dijitali (hata ya bei ya chini inatosha, ina kasoro moja nitakayoitaja mbele), brashi ya waya, msasa, spana za kawaida, na waya mnene wa kubustia betri. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa chanya ya betri huku imegusa bodi, hubadilika kuwa kipande cha moto kidoleni kabla hujapiga kelele. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo usiiinamie na sigara wala cheche. Ukifungua betri anza na hasi, na ukifunga malizia na hasi.

Injini ikiwa inawaka, weka mikono, mikono ya shati na nyaya za mita mbali na belti na feni.

Sikiliza gari kwanza

Kabla ya kushika spana, jiulize gari linalalamika vipi. Taa zinazofifia gari likiwa limesimama na kung'aa ukikanyaga mafuta zinaonyesha belti inayoteleza, kaboni zilizoisha (vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme ndani ya altaneta), au waya uliolegea. Mluzi mkali unaosikika mara tu baada ya kuwasha kisha ukapotea, karibu kila mara ni belti. Betri inayochemka, maji yake yanayoisha upesi, harufu ya mayai viza na balbu zinazoungua mara kwa mara ni chaji iliyozidi, na hapo regyuleta, kidhibiti cha volti ya chaji, ndiyo ya kuulizwa. Gari linalowaka vizuri mchana kutwa lakini likakataa baada ya kulala usiku mmoja au mbili linaweza kuwa linachaji barabara kabisa. Kuna kitu kinakula umeme usiku.

Uliza pia ni nini kiliguswa mwisho. Redio mpya, taa za ziada, injini iliyoshushwa na kupandishwa, bodi iliyopakwa rangi. Rangi mpya chini ya skrubu ya ethi imeshasumbua watu wengi kuliko altaneta mbovu, na kama rangi niliipaka mimi mwenyewe, siwezi kumlaumu mtu.

Hatua ya kwanza: betri ikiwa imelala

Pima betri gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, ikiwezekana asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiwa huna muda wa kusubiri, washa taa kubwa dakika mbili, zizime, ngoja dakika chache, ndipo upime. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona volti ya juujuu ambayo haina nguvu nyuma yake.

Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo tu. Chini ya hapo hesabu kwamba haina kitu. Watu huona 12.0 wakasema "si ndiyo hiyo volti 12". Hapana, ndugu yangu, hiyo betri ina njaa.

Ikiwa iko chini ya 12.4, ichaji kwa chaja mpaka ijae kabla ya kuendelea. Hatua hii wengi huiruka, na wakiiruka vipimo vyote vinavyofuata havina maana. Betri tupu huvuta umeme mwingi mno na kuishusha volti ya altaneta nzima, nawe utaihukumu altaneta kwa kosa la betri.

Ikishajaa na kutulia, ipime kwa stata. Zuia injini isiwake: kwenye petroli chomoa waya wa koili, kwenye dizeli chomoa waya wa swichi ya kuzimia mafuta kwenye pampu. Mwenzako apige stata sekunde kumi huku wewe umeshika mita kwenye vichwa vya betri. Isishuke chini ya volti 9.6. Ikianguka mpaka 8 au 7 huku umeichaji usiku kucha, betri imekwisha, na huenda ndiyo tatizo lako lote.

Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, kipima maji ya betri, kinachopima uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji ya kawaida, kitakwambia zaidi. Chumba kilichojaa husoma karibu 1.265. Vyumba sita vikiwa karibu sawa, hata vikiwa chini, betri inaweza kurudi kwa kuchajiwa. Chumba kimoja kikiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya 0.050, hicho kimekufa na hakifufuki.

Hatua ya pili: macho na vidole

Anza na belti. Ibonyeze kwa dole gumba kwa nguvu katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Ikiingia kama milimita 10 iko sawa, ikiingia kama kamba ya nguo imelegea. Jaribio ninaloliamini zaidi ni hili: injini imezimwa, shika feni ya altaneta kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikiteleza ndani ya belti, belti imelegea au ubavu wake umekuwa laini kama kioo. Belti iliyong'aa hivyo haiponi kwa kukazwa, na ukiikaza kupita kiasi utaua beringi ya altaneta na ya pampu ya maji kwa mkupuo mmoja.

Kisha temino za betri, vile vishikio vya nyaya vinavyobana vichwa vya betri. Shika kila temino ujaribu kuizungusha kwa mkono. Ikisogea, umeshapata kosa la kwanza. Zifungue hata kama zinaonekana safi, usugue ndani ya temino na kwenye kichwa cha betri mpaka risasi ing'ae. Utando mwembamba mweusi usioonekana hivi hivi unatosha kuzuia chaji.

Nenda nyuma ya altaneta. Nati ya waya mnene, ule wa B unaopeleka chaji kwenye betri, iwe imekaza na plastiki yake isiwe imeyeyuka. Soketi ndogo ichomoe uangalie kama kuna ukutu au pini iliyosukumwa nyuma. Tafuta pia fyuzi ya waya, ile inayokaa karibu na chanya ya betri kwenye pikapu nyingi za zamani. Ivute kidogo kwa vidole. Ikinyooka kama mpira, shaba ya ndani imeungua na kilichobaki ni ganda.

Hatua ya tatu: ile taa nyekundu

Taa ya chaji ina kazi zaidi ya kukutisha. Kwenye altaneta nyingi za zamani, umeme wa kwanza unaoamsha sumaku ya rota, sehemu inayozunguka ndani ya altaneta, hupita kwenye balbu ile ile. Balbu ikiungua, altaneta inaweza isiamke kabisa, au isiamke mpaka ukanyage mafuta sana. Pikapu isiyochaji asubuhi mpaka uivumishe injini mara moja, kisha ikachaji siku nzima, mtu wa kwanza kumtazama ni balbu hiyo na waya wake.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa lazima iwake. Isipowaka, chomoa soketi ndogo ya altaneta, tafuta waya wa taa, ambao kwa kawaida umeandikwa L kwenye altaneta, uuguse kwenye ethi kwa kipande cha waya chenye fyuzi ndogo. Hakikisha kwa mita kwamba waya huo una umeme swichi ikiwa imefunguliwa tu. Waya wenye umeme hata swichi ikiwa imefungwa si huo, na ukiugusisha ethi utapiga shoti. Taa ikiwaka sasa, balbu na waya ni vizima, na kosa liko ndani ya altaneta: kaboni, rota au regyuleta. Isipowaka, kosa liko kati ya dashibodi na soketi, au fyuzi imekatika, au balbu imeungua.

Taa inayobaki inawaka injini ikiwa inazunguka ni kinyume chake. Zima, fungua swichi, chomoa soketi. Ikizimika, waya ni mzima na altaneta haizalishi. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Taa inayowaka kwa mbali sana, unayoiona usiku tu, ni ya kuheshimu: mara nyingi ni daiodi inayokufa (kipande ndani ya altaneta kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu), au ukinzani kwenye njia ya chanya.

Hatua ya nne: volti injini ikiwa inawaka

Sasa washa. Mita kwenye vichwa vya betri, kila kitu kimezimwa, injini kwenye mzunguko wa kati, kama 2,000 kwa dakika. Unataka kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisha washa taa kubwa, feni ya hita na waipa zote pamoja. Volti itashuka kidogo, lakini ikae juu ya 13.2 au 13.5. Ikiporomoka mpaka 12.5 na kuendelea kushuka polepole, gari linakula betri.

Usiishie kwenye kipimo cha kwanza. Pikapu yangu ilikuwa inasoma 13.9 bila mzigo, na kila aliyeishika alinirudishia funguo akisema inachaji. Tulipowasha taa na hita ndipo uongo ulipoonekana: 12.9.

Volti ikipita 15, zima. Usiendelee kuendesha ukisema chaji nyingi ni bora kuliko kidogo. Betri itachemka, na balbu zitafuata. Joto hubadilisha namba kidogo, kwa hiyo injini ikiwa ya moto sana regyuleta hushusha volti kiasi, na asubuhi ya baridi huipandisha. Tofauti ya volti 0.3 au 0.4 hapo si ugonjwa.

Hatua ya tano: umeme unapotelea wapi

Tuseme volti kwenye betri ni ndogo. Kuna majibu mawili tu: ama altaneta haizalishi, ama inazalisha na umeme unapotea njiani. Kuyatenganisha ni rahisi, na ndicho kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi.

Injini ikiwa kwenye mzunguko wa kati, taa na hita zimewashwa, weka waya mwekundu wa mita kwenye skrubu ya B ya altaneta na mweusi kwenye bodi ya altaneta yenyewe. Andika namba. Kisha pima kwenye betri, andika. Mimi nilipata 14.3 kwenye altaneta na 12.9 kwenye betri. Volti 1.4 zimepotea kati ya vitu viwili vilivyo umbali wa mkono mmoja.

Kujua zimepotelea upande gani, weka mwekundu kwenye skrubu ya B na mweusi kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri. Gusa risasi, si temino, kwa sababu kosa linaweza kuwa kati ya hivyo viwili. Unataka chini ya volti 0.3. Kisha upande wa ethi: mweusi kwenye kichwa cha hasi, mwekundu kwenye bodi ya altaneta. Unataka chini ya 0.2. Kwangu upande wa chanya ulikuwa 0.1, safi kabisa. Upande wa ethi ulikuwa 1.3.

Kutoka hapo unasogea hatua moja moja kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Mweusi unabaki kwenye kichwa cha hasi, mwekundu unahama: temino ya hasi, mwisho wa waya wake kwenye chasisi, chasisi yenyewe, mwisho wa waya wa ethi kwenye injini, kisha bloku ya injini. Mahali namba inaporuka ndipo kosa lilipo. Yangu iliruka kutoka 0.05 kwenye chasisi hadi 1.25 kwenye injini, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na waya mmoja tu. Nilipoukunja ulitoa sauti ya kukwaruza, kama mchanga ndani ya soksi.

Kumbe kulikuwa na dalili nyingine niliyoipuuza miezi yote hiyo. Kila nilipopiga stata muda mrefu, kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali, ilikuwa ya moto. Umeme wa stata ulikuwa unatafuta ethi yoyote iliyopo, ukaipata kwenye kebo. Ukigusa kebo ya mafuta au ya klachi ikawa ya moto baada ya kupiga stata, acha kila kitu, nenda kwenye ethi ya injini.

Mtu atauliza kwa nini nisingepima waya ule kwa ohm. Niliupima, ukasoma karibu sifuri. Hesabu yake ni hii: volti 1.3 zikipotea kwa umeme wa ampea 40, ukinzani ni kama ohm 0.03. Nyaya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Waya wenye nyuzi tatu zilizobaki utaonekana mzima kwenye ohm, kwa sababu mita hupitisha umeme mdogo sana. Waya wa chaji hupimwa ukiwa kazini, umebeba mzigo.

Uthibitisho wa haraka: funga waya wa kubustia kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi bodi ya altaneta, mbali na belti. Volti ya betri ikipanda papo hapo, umemaliza uchunguzi. Upande wa chanya usijaribu mchezo huo ovyo. Fuata kwa mita.

Ukitengeneza ethi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma kionekane, tumia waya mnene, kaza, kisha paka grisi juu ili unyevu usiingie.

Hatua ya sita: sasa altaneta

Kama kwenye skrubu ya B na bodi yake yenyewe volti ni ndogo, betri imejaa, belti imekaza na taa ya chaji inafanya kazi, hapo ndipo nakubali altaneta iitwe barazani.

Anza na kaboni, kwa sababu ndizo zinazoisha kwa kawaida ya kazi. Injini ikiwa inawaka na haichaji, gonga nyuma ya altaneta polepole kwa mpini wa mbao wa nyundo. Ikiamka na kuchaji kwa muda, kaboni zimekuwa fupi na haziifikii rota. Kwenye altaneta nyingi za zamani kaboni hubadilishwa kwa kufungua kifuniko cha nyuma na kusoda mpya, kazi ya jioni moja. Tazama pia pete za shaba zinaposugua. Zikiwa nyeusi, zisugue kwa msasa laini. Zikiwa zimechimbika mtaro mzito, kaboni mpya hazitadumu.

Rota pima kwa ohm kati ya pete hizo mbili. Kwa altaneta nyingi za volti 12 utapata kati ya ohm 2 na 5. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Kisha pima kati ya pete na chuma cha rota: hapo kusiwe na njia kabisa.

Daiodi zina kipimo chao ambacho hakihitaji kufungua chochote. Weka mita kwenye volti za AC, ishike kwenye betri, injini inawaka na taa zimewashwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, kuna daiodi iliyokufa. Hapa ndipo ile kasoro ya mita za bei ya chini inapojitokeza. Baadhi yao, zikiwekwa AC kwenye betri iliyolala, husoma 26 au namba nyingine ya ajabu. Jaribu kwanza injini ikiwa imezimwa. Isiposoma sifuri au karibu na sifuri, mita hiyo haifai kwa kazi hii. Daiodi mbovu hujitambulisha kwa njia nyingine pia: redio huvuma kadiri unavyokanyaga mafuta, au altaneta huwa na uvuguvugu asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, kwa sababu betri inavujia ndani yake.

Wenye pikapu za dizeli za Kijapani za zamani, hili ni lenu. Nyingi zina pampu ya vakyumu ya breki iliyofungwa nyuma ya altaneta, ikizungushwa na shafti hiyo hiyo na kulainishwa kwa oili ya injini. Sili ikichoka, oili huingia kwenye kaboni na kutengeneza tope jeusi lisilopitisha umeme. Ukifungua na kukuta oili ndani, kubadilisha kaboni bila sili ni kujitafutia kazi ileile baada ya miezi michache. Na ukinunua altaneta nyingine, hakikisha ina pampu. Nimeona mtu akifungiwa isiyo na pampu kwa sababu "inaingia vizuri tu". Iliingia, ikachaji, na breki zikawa ngumu kama kukanyaga jiwe.

Regyuleta ya nje

Kama pikapu yako ni ya zamani zaidi, regyuleta haiko ndani ya altaneta. Ni kisanduku kilichofungwa kwa skrubu kwenye ubavu wa ndani wa boneti, ambacho mafundi wa zamani hukiita katauti. Ethi yake hupita kwenye skrubu hizo, na hapo ndipo pa kuanzia. Kutu chini ya kisanduku hukifanya kione volti ndogo kuliko iliyopo, nacho kikaiamuru altaneta izidishe. Betri ikichemka kwenye pikapu ya aina hii, fungua kisanduku, sugua chuma, kifunge tena, upime kabla ya kununua kingine.

Kuna jaribio la kuiruka regyuleta kwa kulisha rota moja kwa moja, uone kama altaneta inaweza kazi. Ni zuri, lakini altaneta nyingine rota yake hulishwa chanya na nyingine hukamilishwa kwa ethi. Ukikosea umeunguza. Usilifanye bila mchoro wa gari lako mkononi.

Na lile jaribio la kuchomoa temino ya betri injini ikiwa inawaka, eti gari likizimika altaneta ni mbovu, liache kabisa. Limetoka enzi za dainamo, mashine ya chaji iliyotumika kabla ya altaneta. Chrysler ilianza kuweka altaneta kwenye gari lake la Valiant la mwaka 1960, na kampuni nyingine zikafuata, lakini desturi ya dainamo haijafa. Betri ndiyo inayoimeza miruko ya volti. Ukiitoa ghafla, miruko hiyo huenda kwenye daiodi, regyuleta na redio. Unaweza kuingia na altaneta nzima na kutoka na bovu.

Kama chaji ni nzuri lakini betri inalala

Zima kila kitu, funga milango, toa funguo. Fungua hasi ya betri, weka mita kwenye tundu la ampea 10, uiunge kati ya kichwa cha hasi na temino yake. Usipige stata mita ikiwa hapo. Kwenye pikapu ya zamani unataka chini ya miliampea 50. Nusu ampea inaonekana kidogo, lakini kwa siku moja ni ampea-saa 12, na betri ya ampea-saa 60 haifiki siku ya nne ikiwa na nguvu ya stata.

Chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Ikianguka, umejua mtaa. Nyumba utaitafuta mwenyewe, na mara nyingi ni redio iliyofungwa baadaye, taa ya kijisanduku cha dashibodi isiyozimika, au kengele ya wizi. Fyuzi zote zikiisha na umeme bado unakwenda, toa mita, hasi ikiwa bado imefunguliwa, chomoa waya wa B kwenye altaneta na uufunge kitambaa usiguse kitu, kisha rudisha mita. Umeme ukikatika, umerudi kwa daiodi.

Ukishatengeneza

Chaji betri kwa chaja kabla ya kuwasha. Altaneta iliyofungwa leo ikipewa betri tupu itafanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa nzima, na ikiwa imetengenezwa kwa daiodi dhaifu itaungua siku hiyo hiyo. Kisha rudia vipimo vitatu: betri imelala, betri chini ya mzigo, na upotevu wa volti pande zote mbili. Belti mpya ikaze tena baada ya siku chache, maana hunyooka.

Mimi namba zangu niliziandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kipande cha plasta, nikakibandika chini ya boneti: 12.6, 14.1, chanya 0.1, ethi 0.04, na tarehe. Kila mara taa zinapoonekana kufifia nafungua boneti, nachukua mita, nalinganisha. Mpaka sasa iliyobadilika ni moja tu, ile ya kwanza, na hiyo ni betri inayozeeka.